Akiba ya Mshono

Jumapili, tarehe 16 Machi 2025. Mvua ilinyesha usiku kucha, na kulipopambazuka ukungu ulikuwa umeuficha Mlima Kigali kana kwamba haukuwahi kuwapo. Nilifurahi kidogo kutouona. Mlima huo na mimi tulikuwa na jambo letu.

Nilitoka misa ya kwanza. Ilikuwa ile Jumapili ambayo magari hupumzika kwa amri ya jiji na watu hukimbia barabarani wakiwa wamevaa kaptula bila aibu. Kando ya barabara wahudumu wa afya walikuwa wanapima watu bure. Nikajiambia, mwanafunzi wa jioni haogopi kupimwa. Mimi ni bibi mwenye mjukuu, lakini nimerudi darasani, na nimeanza kupenda kujua mambo.

Muuguzi aliyenipokea, binti aitwaye Natacha, alinizungushia futi kiunoni, akaisoma, akaisoma tena.

"Mama, hapa pamezidi."

"Futi yako imevutika, binti yangu. Mimi ni fundi cherehani, hizi nazijua. Zikikaa juani zinarefuka."

"Ingekuwa imerefuka, mama, ingesoma pungufu."

Nikatafakari. Kweli, ingesoma pungufu. Hata hivyo nikatoa futi yangu kwenye mkoba, nikajipima mbele ya foleni nzima. Ikasema vilevile. Nyuma yangu mtu akacheka hadi akakohoa.

Natacha hakucheka. Alinitoboa kidole, akatazama kile kimashine chake, akasema, "Sukari yako haijawa ugonjwa, ila iko njiani. Urudi tukupime baada ya Pasaka."

"Nisali?"

"Sali, mama. Na utembee."

Sasa niseme kuhusu mlima. Mwanzoni mwa mwaka jana binti yangu Yvonne alijifungua kwa shida kubwa. Nikiwa kwenye benchi la hospitali nilimwahidi Mungu: wakitoka salama yeye na mtoto, nitaifuata Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu hadi juu kabisa ya Mlima Kigali, kwa miguu yangu mwenyewe. Walitoka salama. Ijumaa Kuu ikafika, nikapanda na jumuiya yetu, nikaishia kituo cha sita. Wakati Veronika anampangusa Yesu uso, mimi nilikuwa natafuta wa kunipangusa mimi. Nikateremshwa kwa pikipiki. Mungu alikuwa ametimiza lake, mimi langu limebaki katikati ya mlima.

Jumapili hiyohiyo niliyopimwa, nilipokuwa natoka misa, Jeremiah, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Nyakabanda, alinisimamisha nje ya kanisa.

"Mama Yvonne, mwaka huu utabaki chini, kituo cha kwanza. Tutakuletea kiti."

"Kiti cha nini?"

"Cha heshima."

Niliitikia "asante" kwa mdomo. Moyoni nilisema: Bwana, usikubali.

Kesho yake nilifika kazini nikamkuta Ilyasi anautoboa mkanda wake tundu jipya karibu na ncha, kwa sindano nene. Tunachangia chumba kimoja cha kushonea, mimi, Ilyasi na mkewe Uwase. Babu yake alikuja huku na vitambaa kutoka pwani, na Ilyasi amerithi kushona na kutania. Mwezi ule Ramadhani na Kwaresima zilikuwa zimekutana, na mimi nilikuwa nimeamua kufunga kama wao, tangu asubuhi hadi jua kutua.

"Mzee Ilyasi, naona Ramadhani inakupenda."

"Na Kwaresima haijakuchukia, Mama Yvonne."

Uwase aliinua macho kwenye kitambaa. "Nyinyi wawili mchana mnafunga, jioni mnakula kama watu wanaoagwa. Yewe, mimi ndiye napika, naona!"

"Nimeacha mafuta," nilijitetea. "Hata mandazi siyagusi."

"Iko hivyo," Ilyasi akasema. "Anaacha mandazi, anachukua Fanta ya pili."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa nusu. Jioni ile nilikwenda darasani na swali langu.

Mwalimu wetu wa bayolojia anaitwa Léonce. Ni kijana mpole anayetuita sote "wakubwa". Alipomaliza somo nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nafunga mchana kutwa, na mafuta nimeyaacha. Mbona naongezeka?"

Nyuma kabisa kuna mpagazi wa stendi ya Nyabugogo ambaye hawezi kunyamaza. "Ni baraka hizo, mama! Usizirudishe!"

Darasa zima likacheka. Léonce akangoja waishe. "Unafungulia nini, mkubwa?"

Nikataja: uji wenye sukari, chai ya maziwa yenye sukari, viazi, wali, Fanta ya kusukumia. Nilipokuwa nataja niliona sauti yangu inapungua.

"Mwili hauulizi kama mchana ulifunga," Léonce akasema. "Unapokea chote unachoupa. Unachohitaji unakitumia, kinachobaki unakigeuza mafuta na kukiweka. Hata kama kilichoingia hakikuwa mafuta. Sukari ya kwenye chupa inageuka vizuri sana, tena haishibishi."

"Kumbe ni ulafi wangu?"

"Sijasema hivyo. Kuna urithi wa kuzaliwa, kuna umri, kuna kulala kidogo, kuna wasiwasi, hata dawa fulani. Wawili wanaweza kula sahani moja na mmoja tu akanenepa. Kwa hiyo tusimcheke mtu." Hapo alimtazama mpagazi. "Lakini yapo unayoweza kuyagusa. Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Cherehani ya miguu?"

"Tuliiwekea mota."

"Na hapa unakuja na nini?"

"Pikipiki."

Hakuniuliza zaidi. Nilikaa chini nikiwaza kitu ninachokijua vizuri. Fundi akikata gauni huacha akiba ndani ya mshono, kitambaa cha ziada kilichokunjwa mahali pasipoonekana, ili siku nguo ikibana aifumue na kuipanua. Mwili wangu nao ni fundi mwangalifu. Umekuwa unakunja akiba kila jioni, ukingoja siku ya njaa ambayo haikuja. Wala hauna ubaya, unanihurumia tu. Na mimi siku zote nilikuwa namwomba Mungu aniondolee uzito, bila kumtajia hata mara moja ninakunywa nini.

Juma hilo tulikuwa tunashona magauni ya Pasaka ya kwaya yetu. Langu nililikata kwa patani yangu ya zamani, karatasi ya vipimo vya ujana, kwa sababu fundi hujiona anajijua. Likagoma nyongani. Uwase alivuta kwa juu, nami nikavuta pumzi ndani.

"Patani ya nani hii?"

"Yangu."

"Ya ulipokuwa mchumba?"

Akakamata sketi niliyokuwa nimeivua, akaigeuza ndani nje. Akanisogezea karibu na macho. Nikatazama. Akiba ya mshono ilikuwa imekwisha kabisa. Kando yake kulikuwa na mistari ya matundu ya sindano, mmoja baada ya mwingine, kila mahali nilipofumua na kushona nje kidogo. Nikatoa sketi yangu nyingine iliyokuwa rafuni, ikawa hivyohivyo. Nilikuwa nimefanya hayo katikati ya kazi nyingine, bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna.

"Wateja wetu nguo zikiwabana wanapata habari," Uwase akasema taratibu. "Wewe zako umezifundisha kunyamaza."

Siku hiyo niliing'oa mota ya cherehani yangu. Ilyasi alilalamika kwamba kelele za kanyagio zitamkumbusha ujana wake, na ujana wake ulikuwa na shida nyingi. Lakini kesho yake naye aling'oa ya kwake. Futari yetu ikabadilika bila hotuba. Uwase alianza kutupa maji, tende, maharage na mchicha mwingi, ule tunaouita dodo, na viazi kidogo. Uji ukaja bila sukari, na Ilyasi aliunywa kama mtu anayesikiliza habari mbaya. Darasani nikaanza kwenda kwa miguu, rozari mkononi. Kilima cha kwanza kilinichukua mafumbo yote matano ya uchungu. Polepole kikawa kinaishia kwenye taji la miiba, fumbo la tatu.

Sikukonda. Naomba hilo lieleweke. Ila magoti yaliacha kulia nikipanda ngazi, na nikalala usingizi mzuri.

Jumapili ya Matawi jumuiya ilikutana nyumbani kwa Jeremiah. Kwetu hapa mgeni hufunguliwa Fanta mbele ya macho yake, na kuikataa ni kama kukataa mkono wa salamu. Mke wa Jeremiah alikuja na chupa, na kifunguo tayari kiko juu ya kizibo.

"Mama, usiifungue," nikasema. "Nipe maji tu, nitayanywa kwa heshima ileile."

Jeremiah akakunja uso. "Nyumba yangu imekukosea nini, Mama Yvonne?"

"Haijanikosea. Mlima ndio nimeukosea. Kile kiti cha heshima mpe mwingine, mimi ninapanda."

"Ukianguka?"

"Nitaanguka mahali Bwana alipoanguka. Ana vituo vitatu vya kuanguka, nitachagua."

Mke wake ndiye aliyecheka kwanza. Akaniletea maji kwenye glasi nzuri kuliko zote.

Ijumaa Kuu anga lilikuwa safi. Tulianza mapema, msalaba mbele, nyimbo nyuma. Mimi nilikuwa wa mwisho, na nyuma yangu nilisikia mlio wa pikipiki inayokwenda polepole kama punda. Nikageuka.

"Wewe ni nani?"

"Aimable, mama. Mwenyekiti kanituma nikufuate. Ukichoka, upande."

"Una mafuta ya kutosha?"

"Tele."

"Basi yatakuharibikia bure."

Kituo cha sita kilipofika mapaja yaliwaka moto. Palepale pa mwaka jana. Nilisimama, na pikipiki ikasimama. Nikamwona Veronika pichani na kitambaa chake, nikakumbuka benchi la hospitali, na Yvonne aliyekuwa hana hata nguvu ya kunishika mkono. Nikasema, Bwana, sikuombi mbawa, nipe hatua inayofuata tu. Akanipa hiyo. Nikaomba nyingine. Mahali fulani baada ya kituo cha tisa Aimable alizima pikipiki, akaanza kuisukuma huku ananiitikia wimbo.

Nilifika juu wakati wenzangu wamekwisha kaa kwenye nyasi. Ilyasi na Uwase walikuwa wamekuja kwa njia nyingine na dumu la maji, wakasimama pembeni kwa adabu. Yvonne alikuwapo na mtoto mgongoni. Jeremiah akaja, kofia mkononi, macho yamelowa.

"Mama Yvonne, nilikuletea kiti pale ulipostahili msalaba. Unisamehe. Aimable atakuteremsha, nawe utakapopumzika nyumbani tutafungua…" Akakumbuka habari ya Fanta, akaigeuza kofia mikononi.

"Fungua siku ya Pasaka," nikamwambia. "Leo hata wewe umefunga."

Watu wakacheka, juu kabisa ya mlima, siku ya huzuni, na nadhani Mungu hakukasirika. Nikatoa futi yangu kwenye mkoba, nikamwita Uwase, nikaiweka mkononi mwake mbele ya wote.

"Nisikieni nyote, Wakristo kwa Waislamu, na wewe Aimable mwenye pikipiki. Mimi Praxeda naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: kuanzia leo sitajipima mwenyewe tena. Nguo zangu atanipima Uwase, na mshono wangu hautafumuliwa hata kidogo kabla yeye hajaniambia ukweli kwa sauti. Na mwaka kesho, Bwana akinipa uhai, nitaupanda mlima huu tena, kwa miguu yangu."