Sauti ya Eilert kwenye Kadi

Kila nikimaliza kununua maziwa kwenye duka la gatini, nilikuwa nikisimama nyuma ya ghala la samaki, mahali pekee kisiwani ambapo simu ya mkononi hupata mtandao, na kupiga simu nyumbani kwangu mwenyewe. Nilijua hakuna mtu. Ndiyo maana nilipiga. Baada ya kuita sana, marehemu mume wangu alinijibu: "Hapa ni kwa Eilert na Hjørdis. Tuko nje. Kama ni jambo la maana utapiga tena, na kama si la maana, usijisumbue." Nyuma yake nilisikika mimi nikifoka kwamba viazi vinaungua. Nilikata, nikabeba maziwa yangu, nikarudi nyumbani. Anayetaka kuniita mwendawazimu na aniite, sikumwomba ruhusa.

Mtambo uliopokea simu hizo niliuunda mimi. Nilikuwa mwendeshaji wa redio ya pwani, ile ya kuzungumza na meli, miaka mingi, kwa hiyo tuliposikia kwamba waya za zamani za simu zitang'olewa, sikulalamika kama wengine. Nilinunua kikompyuta kinachoenea kiganjani, upande mmoja nikakiunganisha na intaneti, upande wa pili na simu yetu ya mezani, nikakifundisha simu ipi iende wapi. Mafunzo yote yalikaa kwenye kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Eilert akarekodi maneno yake humo humo huku akijizuia kucheka. Majira ya kuchipua alianguka akiipaka mashua rangi, na moyo wake haukuamka tena.

Waya zilipong'olewa, majirani walikuja mmoja mmoja, wakasimama mlangoni wakizungumzia upepo mpaka mimi ndiye nikawauliza kama wanataka simu. Nilimtengenezea kila mmoja kikasha kama changu, nikainakili kadi yangu, kadi kwa kadi, nikabadilisha namba na jina la kila nyumba, kisha nikapiga kujaribu. Kila mmoja alikuwa ameketi mbele ya simu yake akiisubiri, akaipokea papo hapo. Nikaona kazi imekwisha.

Januari umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na kadi yangu ikafa. Niliijaribu kwa kila ujanja ninaoujua, ikabaki tupu. Nikaketi kwenye sakafu ya jikoni nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hata kanisani siku ya mazishi. Kisha nikakurupuka. Kunakili ni kuchukua kila kitu, hata kile ulichokisahau! Eilert alikuwa kwa Oddmund, alikuwa kwa Synnøve, alikuwa katika kila nyumba yenye kikasha changu. Nilivaa buti bila soksi.

Oddmund ni jirani yangu wa karibu, mzee asiyewahi kuoa. Alifungua mlango.

"Upepo leo si mchezo," akasema.

"Achana na upepo, bwana. Mtu akikupigia na wewe hupo, anasikia nini?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Ananisikia mimi."

"Wewe? Eilert yuko wapi?"

"Nilimfuta, Hjørdis. Si ulituonyesha mwenyewe namna ya kurekodi?"

"Na wengine?"

"Wote. Tulikutana kwa Synnøve tukakubaliana. Tuliona umesahau, na siku moja utapiga ukutane naye ghafla. Hatukutaka uumie."

"Kwa hiyo mliketi mkanijadili. Kahawa mkanywa?"

"Na mkate wa jibini," akasema, maana Oddmund hajui kudanganya.

Nilimwachia mlango wazi nikaenda kwa Synnøve, nikimwombea walau yeye awe mvivu. Hakuwa mvivu. Alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena.

"Sisi tungejuaje kwamba unamsikiliza?" akauliza. "Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hamkuuliza?"

"He! Kisiwa hiki nani humuuliza mtu?"

Nilitaka kumtukana, lakini alisema kweli. Huku kwetu watu watakusafishia theluji mlangoni kabla hujaamka, watakuachia samaki kwenye ngazi, na hakuna atakayekuuliza ulilalaje. Simu hupigwa kukiwa na jambo. Na mimi nilikuwa wa kwanza kujisifia tabia hiyo, nikiwacheka watu wa mjini kwa domo lao. Niliwachukia wote siku ile, kwa sababu walinipenda vibaya na sikuwa na mtu wa kumshtaki.

Kesho yake niliazima kadi ya Oddmund, nikainakili, nikaweka namba yangu na jina la nyumba yangu. Sasa mimi ndiye nakala. Nilisikiliza salamu aliyorekodi. "Oddmund. Sipo." Basi, hayo tu. Nikaifuta, na pale ilipokuwa sikuweka kitu. Nilimrudishia kadi yake bila kuingia ndani.

Jioni, samaki wangu akiwa bado sahanini, simu ikaita. Nilikurupuka kama mjinga, na kwa nusu pumzi niliamini nisiloweza hata kulitamka.

"Ni Oddmund."

"Kuna nini? Kikasha kimeharibika?"

"Hapana. Kinafanya kazi."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa umepigia nini?"

Alikohoa. Nilimsikia akivuta kiti. "Unafanya nini?" akauliza, kwa shida, kama mtu anayejaribu lugha ya ugenini.

"Nakula."

"Mimi pia."

Nilisikia uma wake ukigonga sahani. Haikuwa sauti niliyoitaka, na nilitaka kumwambia hivyo, nimuumize kidogo. Nikasogeza sahani karibu na simu, nikaendelea kula.