Mishipa ya Pitshou

Alhamisi saa nne asubuhi, Séraphine alikuwa saluni kwake Kisenyi, Kampala, akimsuka Joska mwenye mgahawa, nusu ya kichwa imekwisha, wachuuzi walipomleta mwenzao Pitshou. Alikuwa amepigwa fimbo na walinzi kwenye mtaa wa maduka wa Kikuubo kwa kuuza vitenge mbele ya maduka ya watu. Walinzi wa maduka hayo wana utaratibu wao, na kila mchuuzi anaujua: wanapiga mpaka damu ionekane, kisha wanaacha.

Pitshou hakuwa na jeraha. Damu ilikuwa inamtoka tu kupitia ngozi nzima, kama jasho.

Saluni yote ikahamia maabara ya Bi Umulkheir, mlango wa tatu. Bi Umulkheir akauweka mkono wa Pitshou chini ya hadubini.

"Seli za ndani ya mishipa zimeachana," alisema. "Huwa zinashikana kwa protini, nyuzi kwa nyuzi, kila moja na jirani yake. Fimbo zimezifungua. Damu inapita katikati."

Séraphine akachungulia. "Hizi si kama nywele tu? Lete kiti."

"Usinikwaruzie kioo kwa hizo kucha zako."

Séraphine alisuka mpaka saa nane, protini ya seli hii na ya seli ile, kuanzia kiganjani mpaka utosini, kisha mpaka unyayoni, kwa ule msuko wa kubana anaowasukia maharusi.

"Na mimi nitembee na kichwa nusu?" Joska akalalamika.

"Wewe huvuji."

Watu wakacheka, Pitshou naye akacheka. Damu ilikuwa imekata.

Jumatatu alirudi Kikuubo, kwa kuwa watoto walikula Jumapili na walitaka kula tena. Walinzi wakamkamata palepale. Wakampiga mgongoni, wakampiga usoni. Mbavu mbili zikavunjika. Jino likadondoka, pengo likabaki kavu.

"Wee, damu yako iko wapi?" mkubwa wao akauliza, akihema.

"Iko ndani, afande."

"Itoe basi, tumechoka!"

Hakuweza. Wakaendelea kwa zamu, wakapumzika, wakanywa soda, wakaendelea, mpaka fimbo ikapasuka ikamkata mlinzi mmoja kidole. Damu ikaonekana. Wakaacha.

Jumanne wachuuzi wenzake wawili walimbeba mpaka saluni. Palikuwa pamejaa, Joska yupo, amekuja kupiga soga tu, kichwa chake kilishamalizwa.

"Yaya, dada yangu," Pitshou alisema kwa mdomo uliovimba, "ulisuka vizuri sana. Ila hapa puani nifumulie kidogo. Damu iwe inatoka mapema."

Séraphine akafuta kitana chake chenye mkia.

"Tundu moja au yote mawili?"

"Yote mawili. Kuna mlinzi mmoja haoni vizuri."

Akamwinamisha kichwa nyuma, akaanza kufumua. Wale wawili waliombeba wakauliza foleni inaanzia wapi.