Msalaba Nisioushona

Papa alipohubiri mjini Clermont majira yale ya baridi, wanaume wetu walirudi kama waliopagawa. Eti Waislamu wameteka kaburi la Yesu, eti mahujaji wanachinjwa njiani, na atakayekwenda Yerusalemu na silaha atafutiwa dhambi zote. Mimi sikuwahi kumwona Mwislamu hata mmoja. Niliowaona wakichoma maghala yetu ni mabwana wetu wenyewe, Wakristo wa kubatizwa, wakigombania mipaka. Sasa walikuwa wamepata mtu wa mbali wa kupigana naye, na mapadri wakashusha pumzi.

Padri wetu, Girberti, aliweka sharti moja: mwenye mke asiende bila ridhaa ya mkewe, na ridhaa yenyewe ni mke amshonee msalaba wa kitambaa chekundu begani. Mume wangu Austorki akaniletea kitambaa. Nilikuwa na mimba ya miezi saba.

"Shona, Gisla."

"Sishoni. Nani atalima? Huyu wa tumboni?"

"Mungu atatuangalia."

"Mungu hashiki plau, baba."

Alicheka, akakunja kitambaa chake akatoka. Mjinga mimi, nikadhani nimeshinda.

Jumapili ya Matawi aliingia kanisani na msalaba begani. Nyuzi zilikuwa zimelala kushoto. Mshono ule niliujua, kwa kuwa mdogo wangu Aldiarda hushona kwa mkono wa kushoto tangu tukiwa watoto, na Mama alishindwa kumwachisha. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Nikasimama. "Padri, huo si mkono wangu! Mimi sijaridhia!"

Kanisa zima likageuka. Austorki akainamia viatu vyake.

"Nani aliyeona ukishonwa?" Padri aliuliza.

Nilimtazama Aldiarda bila wasiwasi. Tumenyonya ziwa moja, angesema kweli.

"Mimi niliona," alisema. "Alishonea kwangu juzi, huku analia. Sasa ameingiwa na hofu tu. Msameheni, ni mimba."

Wanawake wakaguna kwa huruma. Jirani mmoja akanishika kiwiko, akanikalisha kama mgonjwa. Padri akaunyunyizia ule msalaba maji ya baraka.

Nilimkamata mdogo wangu nje, kwenye ukuta wa makaburi. Nilitaka kumzaba kofi, mkono ukakataa.

"Aldiarda, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, dada." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Mume wangu Itieri anakwenda, na mimi sikuweza kumkatalia. Unamjua alivyo. Hata kuwasha moto wa kuni mbichi hawezi. Akiwa na Austorki, najua atarudishwa."

"Na Austorki wangu atarudishwa na nani?"

Aliacha kulia, akanikodolea macho. Hapo nikaona kwamba swali hilo hakuwahi kujiuliza.