Kisanduku cha Nne

Kadi tatu za hospitali zilikuwa mezani, nami nikazisoma kama nilivyozoea kusoma makopo ya rangi. Baba: A. Mama: B. Mtoto: O.

Nilikuwa mchanganya rangi kiwandani, mwaka wa kumi na mbili, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia kopo. Nalisema bila haya. Nilijua nyekundu na njano hazitoi nyeupe. Zikitoa, kuna mtu kachezea kopo.

Binti yetu, miaka minane, alipasuliwa mguu. Ndipo tukapimwa damu sote. Yeye akapona upesi. Mimi nikaugua. Kila jioni aliweka daftari la hesabu kwenye kiti changu nilisahihishe. Nikawa nalihamishia dirishani bila kulifungua.

“Mwenzangu, una nini?” mke wangu aliniuliza, mara moja tu.

“Uchovu.”

Wiki tatu zikapita hivyo.

Siku hizo nilisoma shule ya jioni. Mwalimu wa biolojia, mdogo kwa umri kuliko kitinda mimba wa mama yangu, alifika kwenye somo la urithi. Nikanyoosha mkono.

“Mwalimu, rafiki yangu mmoja ni A, mkewe B. Mtoto katoka O. Inawezekana?”

“Na huyo rafiki yako, Fundi Rangi, ana jirani?” akadakia mwanafunzi mwenzetu, dereva wa lori, kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Akachora mraba, akaugawa visanduku vinne.

“Fundi, hapa hatukorogi rangi. Kila mzazi ana herufi mbili, humpa mtoto moja tu. A hutawala, B hutawala. O hujificha nyuma yao. Mtu anaweza kuibeba maisha yake yote asijue.” Akajaza: AB, A, B. Katika cha nne, O na O. “Zilizojificha zikikutana, hujitokeza. Mwambie rafiki yako akamtake radhi mkewe.”

Mraba ule haukuapa kwamba mtoto ni wangu. Ulisema inawezekana, basi. Aliyekuwa ameapa kwamba haiwezekani ni mimi. Nilitembea hadi nyumbani nikipumua kama mtu aliyetua gunia.

Mke wangu alikuwa akikunja nguo. Nikamweleza yote, na lile nililomdhania pia, nikamwonyesha mraba niliounakili. Akaweka kidole kwenye kisanduku cha nne.

“Wiki tatu,” akasema, “umenifanya kopo lililochezewa.”

Akarudi kukunja nguo.

“Daftari liko dirishani. Mtoto hajalala bado.”

Nikalichukua, nikaketi kitini pangu, binti akaja na kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza, hesabu zote sahihi. Kuanzia wa pili, zote zimekosewa, hata mbili mara tatu.

“Mama, vipi tena?” nikamuuliza binti.

Akaegemea goti langu.

“Nilikosea makusudi,” akasema. “Nilijua ukiziona tu, utaniita.”