Kelele ni Sauti Isiyotakiwa

Mpima kelele aliiwasha mota ya gari la umeme ndani ya chumba chenye kuta za sponji, akaipandisha kasi taratibu. Ilipofikia mwendo wa gari linaloingia barabara kuu, mota ikasema, "Fungueni dirisha."

Mhandisi, aliyekuwa akipuliza chai yake, alishuku beringi. Wakabadilisha beringi. Mota ikasema yaleyale, tena kwa ufasaha zaidi. Wakabadilisha gia, wakakaza skrubu, wapi! Mpima kelele akachanganyikiwa. Kelele alizozizoea huvuma, hukwaruza au hupiga mluzi. Haziombi kitu.

Akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini sikioni, kama mafundi wafanyavyo. Sauti ilitoka kwenye nyaya za shaba. Ilikuwa ya dada yake mkubwa, msukaji wa nyaya za mota hapo kiwandani, aliyefariki kwa ugonjwa wa kifua. Hii aliisuka yeye.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Na hizo nywele vipi, umekosa wa kukusuka? Waambie wafungue dirisha la wasukaji. Vanishi inatumaliza."

Dirisha hilo lilikuwa limepigiliwa misumari ili vumbi lisiharibu vanishi, rangi yenye mvuke mkali inayogandisha nyaya. Kiwanda kizima kilijua.

"Bosi," mpima kelele aliuliza, "hii niandike kelele au sauti?"

"Kelele ni sauti isiyotakiwa. Hukufundishwa?"

"Mimi naitaka."

"Kwani wewe ndiye mteja?"

Hakuwa mteja. Ilimuuma, na hakuona mhandisi amekosea wapi, na hapo ndipo alipozidi kupotea.

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Naye aliegemeza bisibisi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana. Alikuwa mchapakazi." Kisha akatoa dawa: nyaya zinatikisika, kwa hiyo zizamishwe kwenye vanishi mara ya pili zishikamane. Mota ikapelekwa kwa wasukaji, ikazamishwa, ikakaushwa.

Iliporudi, mpima kelele aliipandisha kasi hadi mwisho. Alihamisha bisibisi huku na huku, akamwamkia dada yake tena na tena. Kimya. Mhandisi alifurahi, akaagiza kuanzia leo kila mota izamishwe mara mbili.

Kutoka chumba cha wasukaji kikaja kikohozi kirefu, kikafuatiwa na kingine. Mpima kelele akamtazama mhandisi.

"Hicho hakitoki kwenye mota," mhandisi alisema, akafunga mlango ili waendelee kupima.