Peyo Etchart Hakuitwa

Geti nililifunga mimi. Nalisema mapema kabla hujamchukia mtu asiyehusika.

Nina miaka hamsini na tatu, nimezaliwa hapahapa chini ya milima ya Wyoming, na kabla sijajua kufunga kamba za viatu nilishafundishwa kwamba geti la mwenzio unaliacha kama ulivyolikuta. Liko wazi, pita uliache wazi. Limefungwa, pita ulifunge. Basi Jumatatu ile nakatiza na gari mpakani mwa ranchi za Tveit na Etchart, kichwa kimejaa mambo yangu, nikalikuta wazi. Nikashuka, nikalifunga, nikaweka na mnyororo. Nikajipongeza, "Wendell, wewe jirani mwema sana." Nikaenda zangu mjini kwa dada yangu, nikakaa siku tatu nakula keki.

Sikujua kuwa upande wa Tveit kijito kilikuwa kimekauka. Geti liliachwa wazi makusudi, farasi majike kumi na wanne wa mzee Halvor Tveit wavuke na watoto wao wakanywe kwenye birika la mifugo la Peyo Etchart, jirani mfuga kondoo.

Aliyewakuta ni Maren, binti wa mzee. Jumatano asubuhi alifika akaona wamejipanga kwenye uzio, vichwa chini, matumbo yameingia ndani, wanayatazama maji yaliyo hatua mia moja mbele yao. Sindri, jike ambaye mzee anampenda kuliko anavyotupenda sisi wote, alikuwa amejaribu kupita kwenye seng'enge. Kifua kimechanika, damu imekauka mpaka magotini. Maren alifungua geti, akawaacha wapite, akamshika Sindri shingo asinywe kwa pupa. Alikuwa anamhesabia mafunda na huku anatukana kwa sauti ya chini, maana farasi hapendi kelele.

Mzee alikuja, akautazama mnyororo, akamtazama farasi wake. Hakuuliza swali.

"Jumamosi simwiti," alisema.

"Baba, hujui nani kafunga."

"Geti la nani? Maji ya nani? Mtu wa kondoo kachoka kutoa maji, kafunga. Kwisha."

Nieleze hapo. Jumamosi ilikuwa siku ya kupiga chapa watoto wa farasi, na majirani wote huja. Ila huingii zizini mwa mtu na kamba yako ya kunasia hivihivi, hata uwe fundi namna gani. Unasimama nje na wenzako mpaka mwenye ranchi akuite jina. Mzee Tveit akikuita ushike kamba kwake, wewe umeshakuwa wa nyumbani. Kina Etchart hawajawahi kuitwa, tangu babu yao aje na kondoo wake kutoka nchi ya Wabaski, huko Ulaya. Maren alikuwa na miaka arobaini na moja, amewafundisha farasi wa pale kwa miaka ishirini, na alimpenda Peyo. Alitaka vyote viwili. Mzee alikuwa amemwambia wazi: ukiolewa na mtu ambaye sijamwita, nenda naye, farasi wanabaki. Ndipo Peyo akawapa farasi maji, mzee akalainika, akaahidi kumwita Jumamosi. Halafu na mimi nikashuka kwenye gari.

Siku hiyohiyo Maren alipanda farasi akaenda mpaka kwenye kibanda cha magurudumu ambamo Peyo hulala akiwa na kondoo wake. Alimkuta anakata mkate.

"Geti ulifunga wewe?"

Peyo aliweka kisu chini. "Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuuliza."

"Sikufunga. Nipo huku juu tangu Jumapili, muulize mbwa."

"Basi." Akashuka, akakaa kwenye ngazi, akachukua kipande cha mkate bila kukaribishwa. "Sindri kashonwa nyuzi kumi na saba."

"Atapona?"

"Atapona. Mzee ndiye sijui." Akatafuna. "Jumamosi hakuiti."

Peyo alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole kilekile mara ya pili. "Na mimi nilishampiga farasi wangu mswaki mpaka meno."

"Njoo hivyohivyo."

"Bila kuitwa? Maren, nisimame pale kama mtu anayesubiri makombo?"

"Njoo usimame. Na kamba yako uje nayo. Mengine niachie."

"Mengine yapi?"

"Ningekuwa nayajua ningekwambia."

Kwenye zile filamu za mapenzi ranchini, hapa mvua ingenyesha, wakakumbatiana, na violini. Maren hazipendi hizo filamu. Anasema kila mara ni dada wa mjini anajifunza kupanda farasi mchana mmoja, na farasi hajawahi hata kujamba. Alimbusu Peyo shavuni penye unga, akapanda, akaondoka.

Mimi nilirudi Alhamisi, nikayasikia kwenye duka la chakula cha mifugo. Sikuimaliza hata kahawa. Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee, nikavua kofia, nikasema, "Halvor, ni mimi. Mnyororo niliuweka mimi." Maren alikuwa amepiga magoti kwenye kidonda cha Sindri, akainua uso. Nilitamani anirushie ndoo. Hakunirushia. Alimgeukia baba yake, akangoja.

Mzee alinigeukia. "Miaka hamsini unapita kwenye mageti, Wendell."

"Najua."

"Mtoto wa miaka minne hafanyi hivyo."

"Najua, mzee wangu."

"Haya. Jumamosi usichelewe."

"Na Peyo?" Maren aliuliza.

Mzee alichukua fimbo yake. "Peyo vipi?"

"Si umesikia? Hana kosa."

"Nimesikia. Simwiti." Akaingia ndani.

Maren alibaki na kitambaa chenye dawa mkononi. Mimi naanza kumwomba msamaha, akanikatiza. "Nyamaza, Wendell. Umenisaidia. Sasa najua geti halikuwa sababu."

Jumamosi ilikuwa na upepo. Watu kama thelathini hivi, magari yamepangwa kando ya barabara, kina mama wameshatoa maharage na mapai, kahawa nyeusi tii. Peyo alifika peke yake. Alimfunga farasi wake mbali kidogo, akaja kusimama kwenye uzio, kamba imezungushwa begani. Gus Lindqvist, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alimpokea.

"Etchart! Umepotea? Kondoo wako kule."

"Nimewaacha, wamesema mdomo wako hawauwezi."

Watu walicheka, hata Gus. Mzee hakucheka. Alikuwa amesimama penye moto ndani ya zizi, vyuma vya chapa vimelala kwenye makaa, na hivyo vyuma pale hakuna anayevishika ila yeye.

Akaanza kuita. "Maren, kamba." Maren aliingia na farasi wake wa kijivu, kama kila mwaka, wa kwanza. "Wendell, kamba." Nikaingia na aibu zangu. "Gus, kamba. Na mdomo uuache nje." Akaita wawili wengine, halafu akageukia moto.

"Baba," Maren alisema, "umesahau mtu."

"Sijasahau mtu."

"Yule aliyewanywesha farasi wako wiki tatu."

"Nilimshukuru."

"Lini? Kwa mdomo gani?"

Kina mama waliacha kufunua masufuria. Mzee alisema polepole, "Binti yangu, hili zizi ni la nani?"

"La kwako. Na hawa farasi waliomo, nani aliwavuta mkono ukiwa tumboni mwa mama zao? Nani alilala kwenye nyasi na Sindri? Unaniambia nikiolewa niwaache. Siwaachi. Na Peyo simwachi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze mbele ya watu hawa, usinifukuzie jikoni."

"Maren..."

Alikuwa ameshamgeuza farasi. Alikwenda mpaka mlangoni mwa zizi, akaufungua yeye mwenyewe, akaita kwa sauti ileile ya baba yake, nene, isiyo na haraka:

"Peyo Etchart, kamba!"

Sijawahi kusikia mtu mwingine akiita jina pale. Peyo alivua kofia akamtazama mzee. Mzee aliweka mikono nyuma.

"Usimtazame yeye," Maren alisema. "Nimeita mimi."

Peyo alimfungua farasi wake, akapanda, akaingia. Gus alimpisha bila neno, na hilo peke yake lingetosha kuandikwa gazetini. Maren alimwonyesha mtoto wa Sindri, dume mwekundu mwenye miguu kama ya kuazima. Peyo hakumkimbiza. Alitembeza farasi wake kama mtu anayevuka kanisani, kitanzi kikaruka kidogo tu, kikamvaa shingoni, naye akalegeza kamba palepale asimkabe. Mimi na Gus tulishuka tukamlaza taratibu. Sindri aliguna mara moja nje ya uzio, akanyamaza.

Kila kitu kilikuwa tayari. Mimi nimeshika miguu, Gus kichwa, Peyo kamba. Moto uko hatua kumi, na mzee kasimama kati yetu na moto, mikono nyuma. Akileta chuma, kamkubali Peyo; asipoleta, kamfukuza binti yake.

Maren alishuka, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye bega la mtoto wa farasi, pale chapa inapokaa. Moyo wa yule mnyama ulikuwa unagonga, nilikuwa nausikia kwenye mikono yangu.

"Baba, amelala," alisema. "Tuletee chuma."

Upepo ulipeleka moshi upande wa kina mama. Peyo hakulegeza kamba, hakuikaza. Mzee alikuwa anatazama vidole vya binti yake juu ya ile ngozi nyekundu.

"Baba," Maren alisema tena. "Tafadhali. Chuma."