Wageni Wameondoka

Pale ziwani mbayuwayu hawakuitwa ndege. Waliitwa wageni, na aliyewapa jina hilo ni mlinzi wa ziwa, mama mjane, mkali kama pilipili. Kila mwaka mbayuwayu walikuja kutoka nchi za baridi, na kila jioni walilala kwenye matete. Sheria ya mama ilikuwa moja tu: mgeni hachomewi kitanda. Wakata matete walisubiri mpaka aseme wageni wameondoka, ndipo wachome yale makavu, mapya yapate kuchipua.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walishasema. Sikia basi.

Siku moja, ofisini kwa mama pale ziwani walikuja wakubwa kutoka makao makuu. Walikaa kutwa, wakapiga picha, wakalalamikia mbu. Mbu! Ziwani walitegemea kukuta nini? Walipopanda gari lao giza limeshaingia, mama alivua viatu akajitupa kitini. Simu ikalia. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mkata matete.

"Shemeji, wageni wameondoka?"

"Wameondoka, tena nashukuru Mungu! Wamenichosha hao, we acha tu."

"Haya. Upepo umetulia, acha nianze kazi."

Mama alirudisha simu kwenye chaji kule ukutani, na hata kabla hajakaa vizuri kitu kikamchoma moyoni. Shemeji amejuaje kama leo nina wageni? Na upepo unahusiana nini na kazi yake? Alijua. Tusidanganyane, alijua. Lakini miguu ilikuwa inamuuma, na simu ilikuwa mbali. Ah, nitampigia baadaye, akasema, akafumba macho.

Moshi ndio uliomwamsha. Alikimbia pekupeku mpaka ukingoni, akamkuta shemeji anaupiga moto kwa tawi bichi huku analia waziwazi. "Mbona wamo?" akapiga kelele. "Shemeji, mbona wamo?" Wengi waliruka. Wasioweza kuruka waliokotwa kesho yake, vikapu kwa vikapu.

Mkuu wa ofisi akaitisha kikao. Shemeji alisimama mbele, nyusi zimeungua.

"Nani alikuruhusu kuwasha?"

"Hakuna, bosi. Niliona kimya, nikawasha kwa kichwa changu."

"Basi kibali chako kimekwisha. Ziwani usikanyage tena."

Na mama, Mungu amsamehe, alishusha pumzi. Huyu ndiye aliyemwezekea nyumba, ndiye aliyewabeba watoto wake mgongoni siku ya msiba, na zaidi ya matete hakuwa na riziki nyingine. Naye alikaa palepale kwenye benchi, ameuma midomo, anaona afadhali. Shemeji alipopita kuelekea mlangoni akainama kidogo. "Wewe una watoto, shemeji," akanong'ona.

Hapo mama akashindwa.

"Alinipigia!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Aliniuliza kama wageni wameondoka, nikamwambia ndiyo."

Mkuu alimtazama kwa huruma. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu. "Ulichoka na wale wakubwa. Ulisikia vibaya, au siyo?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, kazi kwake kupita tu.

"Nilisikia vibaya," alisema. "Halafu nikasikia vizuri, nikaona uvivu kunyanyuka."

Shemeji alirudishiwa kibali. Mama alirudisha funguo za ofisi, akaenda nyumbani na kikapu kimoja. Ndani yake mlikuwa na mbayuwayu aliyeungua bawa. Alimlisha kumbikumbi kwa mkono, mmoja mmoja, na kila mbayuwayu alipofungua mdomo mdogo ule mama aliona aibu upya, kama vile ameulizwa swali.

Msimu ukaisha, kundi likaenda zake. Shemeji hakupiga simu. Alikuja mwenyewe kwa miguu, akasimama mlangoni mwa jiko, kiberiti mkononi.

"Mlinzi mpya ametuambia tuchome upande uliobaki," alisema. "Nikaona kwanza nikuulize wewe. Wageni wameondoka?"

Mama akafunua kitambaa cha kikapu. Mbayuwayu alikuwa ameelekeza kichwa dirishani.

"Mmoja bado," akasema, na machozi yakamtoka.

Shemeji akaweka kiberiti mezani, akavuta kigoda, akakaa.